Bastola Niliyoibeba Ziwa Rukwa

Atupele mwanangu,

Mmetoka sasa hivi wewe na baba yako kwenda Tottenham kumuaga shangazi. Nilisema nabaki kupiga pasi. Pasi nimepiga, lakini nguo zako zilikuwa zimekwisha kabla hamjafika kituo cha basi. Nilitaka nyumba iwe kimya. Jua la Juni bado liko juu ya mapaa ya Kingsbury hapa London, jirani anamwagilia nyanya zake upande wa pili wa uzio, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi ulizoacha kwenye printa.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu wala dawa ya mbu. Hayo umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Nataka kukuandikia juu ya bastola. Naomba uisome barua hii kwa sauti. Kiswahili chako kinakaa masikioni zaidi kuliko machoni, na ukijisikia ukisoma utakuwa kama unanisikia mimi.

Unakumbuka mwezi uliopita, tukiwa mezani, ulitusomea barua pepe ya bosi wako mpya wa Alaska. Timu za watu wawili wawili, kila timu na kayaki zake, maziwa yasiyofikiwa na barabara, ndege ndogo inawashusha na kuwaacha huko mhesabu samaki wanaopanda kutaga. Na kwa kuwa dubu nao wanawasubiri samaki hao hao, kila timu itapewa dawa ya pilipili ya kupulizia, na bastola moja, baada ya mafunzo. Uliponyanyua macho kuona nitasema nini, nilikuwa nimeshasimama. Nilikwenda kuosha sufuria ambayo bado ilikuwa na wali ndani.

Ukanifuata jikoni. Uliongea Kiingereza chako kama kawaida, mimi nikikujibu Kiswahili changu kama kawaida.

"Mama, ni kwa ajili ya dubu. Haina uhusiano na mambo ya Tottenham."

Ulidhani namfikiria yule kijana wa ghorofa ya chini yetu kule, aliyepigwa risasi, ambaye mama yake tulikaa naye msibani. Sikulaumu kwa kufikiri hivyo. Kwa mtoto aliyekulia hapa, nchi ambayo bastola huruhusiwi hata kuifanyia mazoezi, neno hilo lina sura moja tu.

"Najua ni ya dubu," nikasema.

"Sasa tatizo nini?"

"Hakuna tatizo."

Baba yako hakuinuka mezani. Alisema tu, "Tupo, mwambie."

Uliona ajabu, nilikuona. Tangu uzaliwe baba yako ananiita Mama Atu, hata tukigombana. Jina langu la Tupokigwe, au Tupo, analitumia kwa jambo moja tu, nalo ni hili. Ukauliza, "Aniambie nini?" Nami nikasema wali unaungua, na jiko lilikuwa limezimwa.

Basi hili ndilo nililotakiwa kukuambia.

Unajua kwamba kabla sijawa mtu wa kutoa wagonjwa damu nilikuwa afisa uvuvi. Nilipomaliza chuo nilipangiwa Ziwa Rukwa. Wenzangu walipopangiwa Mwanza na Kigoma walinipa pole. Rukwa ni ziwa la maji mafupi, la tope, lenye matete marefu na mamba wengi kuliko watu. Kutoka Mbeya unashuka bonde lile kwa lori mpaka masikio yanaziba, na joto linakupokea chini kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kambi za wavuvi, kupima samaki waliovuliwa na kupima kina cha maji. Baba yako alikuwa Idara ya Wanyamapori, akihesabu mamba na viboko. Tulioana mwaka ule, na wakubwa wetu wakaona ni rahisi kututuma pamoja.

Tulikuwa na kayaki. Hili pia hulijui. Siku ile ulipotuonyesha picha ya kayaki yako ya kukodi ukanieleza sehemu zake moja moja, nilinyamaza nikakuacha unifundishe. Yetu ilikuwa ya turubai la njano na mbavu za mbao, ya kukunjwa, ya watu wawili. Watafiti fulani wa Ulaya waliiacha mradi wao ulipokwisha. Wavuvi waliiita Ndizi. Wakituona kwa mbali walipiga kelele, "Ndizi inakuja," na watoto wakakimbilia ufukweni kutucheka.

Bunduki ndefu ndani ya chombo kama kile ilikuwa usumbufu mtupu, kwa hiyo ofisi ya baba yako ikatupa bastola moja kwa kazi za majini. Yeye alikaa nyuma kwa sababu alijua kuongoza. Mimi nilikaa mbele, na aliye mbele ndiye anayeona kwanza, kwa hiyo bastola ikakaa kiunoni mwangu, kwenye mfuko wa ngozi. Alinifundisha kupiga kwenye kingo za tope. Nikawa na shabaha kuliko yeye. Alinuna mpaka jioni.

Sitakudanganya kwamba haikutusaidia. Asubuhi moja tulikuwa tunaosha vyombo ufukweni, mamba akajitokeza karibu na miguu ya baba yako, kimya, kama gogo linaloelea. Nilipiga risasi moja majini mbele yake, akapotea. Baba yako alikaa chini kwenye mchanga na sufuria mkononi akacheka mpaka akatokwa na machozi. Siku ile niliipenda ile bastola. Niliisafisha kila jioni kwa mafuta na kitambaa, na nilipoivua kiunoni kulala nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuifurahia.

Sasa nifuate hapa polepole, maana hapa ndipo nilipokosea, na sikuona nikikosea.

Kabla ya bastola, tulisimama kila kambi. Ulikuwa utaratibu wa woga tu. Tunasalimia, tunakaa, tunakunywa chai ya rangi, tunauliza viboko wamelala upande gani, jana walipita wapi, kuna jike aliyezaa? Mara nyingine nusu siku inaisha hivyo. Baada ya bastola tuliendelea kusimama, lakini kidogo. Nilianza kuuliza huku nimeshaingia kwenye kayaki. Kisha nikawa nauliza na kusikiliza nusu. Hakuna aliyeniambia nimebadilika, hata baba yako. Nilikuwa na haraka zaidi tu, na kwa afisa kijana haraka inaonekana kama bidii.

Kulikuwa na kambi ya mvuvi mmoja aliyeitwa Bwana Sichone, mtu wa maneno machache, na mke wake na watoto wao. Asubuhi ile tulitaka kwenda kambi inayofuata. Njia zilikuwa mbili. Unaweza kuzunguka nje ya matete, ziwani kweupe, mwendo mrefu wenye mawimbi, au unaweza kukata katikati kwa mfereji mwembamba ulioingia ndani ya matete na kutokea upande wa pili. Bwana Sichone alikuwa anashona wavu.

"Leo msipite humo ndani," alisema. "Kuna jike amezaa. Zungukeni."

"Tunayo hii," nikamjibu, nikajipiga kiunoni.

Aliutazama ule mfuko wa ngozi, akarudia wavu wake.

Baba yako alisema, "Tuzunguke tu, Tupo."

"Upepo umeanza. Huko nje utatupindua."

Ilikuwa kweli. Upepo ulikuwa umeanza, na Ndizi haikupenda mawimbi. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo ninapopanda basi kwenda kazini na mawazo yakarudi kule: sababu yangu ilikuwa nzuri. Ningekuwa na sababu ya kijinga ningejishtukia. Lakini bila bastola sababu hiyo nzuri isingetosha. Tungerudi kukaa na Bwana Sichone, tungesubiri upepo utulie, tungefika kesho yake.

Ndani ya matete kulikuwa kimya, maji meusi, joto limesimama. Tulipiga makasia taratibu. Kwanza niliona masikio mawili madogo ya pinki, nikafikiri, ni mtoto wa kiboko tu. Halafu nyuma ya mtoto maji yakainuka, na mgongo wa mama yake ukaja kwetu.

"Rudi nyuma," baba yako alisema. Hakupiga kelele. "Tupo, kasia, rudi nyuma."

Mimi niliweka kasia juu ya magoti nikachomoa bastola.

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi, mwanangu. Mfereji ulikuwa mwembamba na chombo chetu kirefu. Kukirudisha kulihitaji watu wawili, na mmoja alikuwa ameacha kasia. Baba yako alikuwa anavuta peke yake na pua ya kayaki ikageukia pembeni, tukakaa ubavu kwa yule mnyama. Nilipiga mara tatu. Risasi moja niliiona ikirusha maji. Moja niliiona ikiingia shingoni, damu ikatoka nyembamba. Ile nyingine sijui ilikwenda wapi. Kiboko akazama. Kukawa kimya tena, na nilikuwa na wakati wa kufikiri kwamba nimemweza.

Kisha Ndizi ikainuliwa kutoka chini.

Nilisikia mbavu za mbao zikivunjika, halafu nikawa ndani ya maji yenye ladha ya magadi na tope. Nilipotoa kichwa sikumwona baba yako wala kayaki. Niliogelea kwa mkono mmoja mpaka kwenye matete, nikajining'iniza. Alikuwa upande wa pili wa mfereji, amezibwa na matete, hanioni. Akaanza kuniita.

"Tupo! Tupo! Tupo!"

Wavuvi walikuwa wamesikia milio. Walikuja na mtumbwi kwa kuzunguka pembeni, na walipomsikia walidhani anawajibu wao. Kila alipoita "Tupo" wao walisema, "Haya, tunakuja, kaeni hapo hapo." Hivyo ndivyo walivyotupata. Mpaka kesho baba yako husema niliokolewa na wazazi wangu kwa jina walilonipa. Ni mzaha, ila hausemi mbele za watu.

Waliponivuta mtumbwini niligundua kwamba bado nimeishika bastola. Kasia limekwenda, vipimo vyangu vimekwenda, kiatu kimoja kimekwenda, na mimi nimetoka majini na bastola mkononi, vidole vimekakamaa. Baba yako alilazimika kunikunjua kimoja kimoja.

Ufukweni Bwana Sichone aliniuliza, "Umempata?"

"Nimempiga."

"Wapi?"

"Shingoni, nadhani."

"Amekufa?"

"Sijui."

Hakunikaripia. Aliwageukia vijana wake akawaambia wapandishe mitumbwi yote nchi kavu, mbali na maji. Sikuelewa kwa nini. Baba yako alielewa. Alikuwa ameketi amelowa, ameshika kichwa.

Kiboko aliyejeruhiwa hasahau na haendi mbali. Yule jike alihama na maumivu yake na mtoto wake, akaja kukaa kwenye mlango wa ziwa wa kambi ile, mahali pekee ambapo matete yaliwaachia njia ya kutoka. Kila chombo kilichogusa maji alikifuata. Kambi nzima ikakaa inatazama ziwa. Baba yako alipanda lori kwenda kutafuta bunduki kubwa ya idara, na bunduki hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa safarini. Mimi nilibaki kambini. Ningeweza kuondoka naye. Nilibaki kwa sababu sikujua ningeondokaje mbele ya macho yale.

Siku zikapita. Unga ukapungua. Alfajiri moja Bwana Sichone aliona maji yametulia, akasukuma mtumbwi wake kwenda kutoa wavu uliokuwa umeachwa nje tangu siku ya tukio. Watoto wake walihitaji kula. Tulisikia mlio wa mbao, kisha sauti yake. Vijana walimpata kwenye matope ya kingo. Mtumbwi ulikuwa vipande viwili na paja lake limevunjika.

Nilimfunga mguu kwa mbavu za Ndizi. Vipande vilikuwa vimeokotwa vikawekwa kando ya kibanda kwa ajili ya kuni, nami nikavikata urefu unaofaa, nikafunga kwa khanga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumhudumia mgonjwa. Wakati ninafunga, mke wake alikuwa amemshika mabega. Niliona ananitazama, nikasema, "Mama, nisamehe. Niliogopa."

"Kuogopa kila mtu anaogopa," alisema. "Sisi hatuna bunduki. Ndiyo maana hatupiti pale."

Aliniambia nikaze fundo.

Mume wake alipelekwa hospitali ya misheni kwa lori la mnunuzi wa samaki, shemeji yake akamsindikiza. Alipona, lakini baadaye alitembea kwa fimbo. Baba yako aliporudi na bunduki nilimwambia nakwenda naye. Akakataa.

"Hakuna haja uone."

"Mimi ndiye niliyeanza," nikasema.

Tulimsubiri yule jike juu ya kichuguu, upande ambao upepo haukumpelekea harufu yetu. Mchana alipanda kwenye majani kuota jua, mtoto kando yake. Shingo yake ilikuwa imevimba na nzi wamejaa. Alitembea kama bibi anayeumwa na magoti. Baba yako alichukua muda mrefu sana, na risasi ilikuwa moja. Yule mtoto hakukimbia. Alizunguka akamsukuma mama yake kwa pua. Mdogo namna ile asingeishi, mamba wangempata kabla ya jua kuzama. Baba yako alipakia risasi nyingine. Sikugeuza uso.

Wavuvi walichinja na kugawana, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kambi ilikuwa na sauti. Mimi nilikaa peke yangu nyuma ya vibanda. Mke wa Bwana Sichone akaja na sahani ya ugali na nyama, akaiweka mbele yangu.

"Kula."

"Siwezi, mama."

"Sijakuuliza kama unaweza. Una mimba wewe, na mtoto huyo hana kosa na mtu."

Nikamwambia amekosea. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayesema mvua hainyeshi huku amelowa. Alisimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka nikamaliza sahani. Mtoto yule ni wewe, Atupele. Wa kwanza kujua kwamba upo alikuwa mwanamke niliyemletea balaa nyumbani kwake, na jambo la kwanza alilolifanya ni kukulisha.

Bastola niliirudisha ofisini. Baada ya hapo nilifanya kazi ya mezani Mbeya, ukazaliwa, baba yako akapata nafasi ya masomo hapa, na mengine unayajua. Baba yako aliyazungumza yaliyotokea na watu wa idara yake, akaandika ripoti, akayaacha huko. Mimi niliyafunga. Nilidhani nikiyafunga vizuri hayatakufikia wewe. Yalikufikia.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili, tunakaa bado Tottenham. Ulirudi kutoka klabu ya vijana ya Mto Lea, nywele zimelowa, unanuka mto, unacheka, ukasema mmepanda kayaki na mwalimu amesema una mikono mizuri. Nilikuambia hutakwenda tena. Uliuliza kwa nini. Nilisema mto ni mchafu. Ukasema wenzako wote wanakwenda, hata wale wasiojua kuogelea. Nikasema wewe si wenzako. Mwisho ukauliza, "Ni kwa sababu mimi ni msichana?" Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko Rukwa. Ukaenda chumbani na ukakaa mwaka mzima ukiamini kwamba mama yako anaona wasichana hawafai majini, mimi niliyekuwa nalala kwenye matete.

Baba yako ndiye aliyetia sahihi fomu ya klabu mwaka uliofuata. Hatukusemezana wiki nzima. Nilianza kuja Jumamosi, hujui hili, nikisimama kwenye daraja nyuma ya watu wenye mbwa. Niliona jinsi unavyogeuza chombo. Una mikono mizuri kweli. Ungekuwa umekaa mbele badala yangu siku ile kwenye mfereji, tungerudi nyuma.

Sasa hii ya Alaska. Nikiri kwamba nilimwambia baba yako nataka nikuombe uikatae hiyo bastola. Tulikuwa tumekaa hapa hapa.

"Dubu si kiboko, Mama Atu," alisema. "Na yeye si wewe."

Nilikasirika, kisha nikakubali, kwa sababu yote mawili ni kweli. Sijui chochote juu ya dubu. Huenda ikafika saa ambayo kile chuma ndicho kitakachokurudisha kwangu, na sitaki uwe umekiacha kwa ajili ya hadithi yangu. Kichukue. Jifunze mpaka uchoke. Dawa ya pilipili nayo iweke mahali mkono unapofika, maana dubu aliyepuliziwa pilipili anakwenda zake akiwa mzima, na watakaopita pale kesho hawamkuti na jeraha lako.

Ninachokuomba ni kidogo. Asubuhi mnapotazama ramani na mwenzako, mkichagua njia, chagueni kana kwamba bastola imebaki kambini. Kama njia hiyo msingeipita mikono mitupu, msiipite. Na ukiwa majini, kumbuka kwamba mkono unaoshika kile chuma umeachia kasia, na wewe ni hodari wa kasia. Siku ikitokea umepiga na hujui umepiga wapi, usijiambie kwamba mnyama amekwenda zake. Mwambie kila mtu anayetumia maji yale, siku hiyo hiyo, hata kama watakuona mjinga, hata kama bosi atakuandikia barua.

Umeniambia mwenzako ni msichana mkubwa kwako kidogo, mzoefu, anayejiamini. Ni vizuri. Lakini mzoefu naye ana haraka zake. Itafika siku atasema tukate hapa katikati, na sababu yake itakuwa nzuri, mvua inakuja, au ndege inawasubiri. Kutakuwa na kitu tumboni mwako kinachosema tuzunguke. Baba yako alikisema mara moja, kwa upole, akaniachia niamue kwa sababu alinipenda na hakutaka kuniaibisha mbele ya Bwana Sichone. Nimemsamehe hilo, na yeye amenisamehe langu. Wewe ukisema mara moja usisikike, sema tena. Weka kasia chini ukatae kuondoka. Akuchukie. Mtu hachukii siku nyingi akiwa hai.

Nimeandika mengi na bado sijasema kwamba najivunia. Najivunia. Nilipokuwa napiga pasi shati lako la kazini niliona jina lako limeshonwa kifuani, na chini yake neno moja la Kiingereza, Fisheries, yaani uvuvi. Nilikaa chini kidogo kabla ya kuendelea.

Ukifika, utapiga simu kusema umefika, na baba yako atakuuliza habari za baridi, nitafurahi. Utakuwa na simu ile ya setilaiti, na najua dakika zake ni ghali. Usizitumie kuniambia kwamba uko salama. Nitajua uko salama kama hawajanipigia wengine. Nipigie siku mtakayofika mahali pazuri, maji yametulia, njia fupi iko wazi mbele yenu, halafu mkageuza na kurudi mlikotoka. Nipigie uniambie jinsi mlivyochelewa, mlivyolowa, na mwenzako alivyonuna. Hata kama hapa ni saa za kazi, nitamwomba mgonjwa asubiri, nitatoka nje kwenye korido, na nitakusikiliza mpaka dakika ziishe.

Mama yako,
Tupokigwe